Sheria Iliyozaliwa na Uhaba: Historia Fupi ya Mzunguko wa Moduli

Msomaji wa kamusi anaijua adha hii. Anatafuta maana ya neno, anaelekezwa kwenye neno jingine. Akilifungua hilo la pili, linamrudisha kwenye la kwanza. Watunzi wa lugha za programu wamepambana na jambo hilohilo kwa zaidi ya miaka 50. Programu kubwa hugawanywa katika sehemu ziitwazo moduli, na moduli moja hutumia yaliyomo katika nyingine. Tuseme mfumo wa chuo una moduli ya Mwanafunzi na moduli ya Kozi. Mwanafunzi ana orodha ya kozi zake. Kozi nayo ina orodha ya wanafunzi wake. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa maagizo ya mashine, ianze na moduli ipi?

Katika insha hii ninafuatilia majibu matatu ambayo swali hilo limepewa tangu miaka ya 1970. Hoja yangu ni kwamba kanuni ya kutangaza jina kabla ya kulitumia ilizaliwa na uhaba wa mashine. Mtoto wake, yaani katazo la mizunguko ya moduli, ameendelea kuishi hata baada ya uhaba kwisha, kwa kuwa anawafaa watu kuliko anavyoifaa mashine.

Jibu la kwanza lilikuwa ahadi. Mwaka 1970 Niklaus Wirth, mwalimu wa chuo cha ETH Zürich nchini Uswisi, alichapisha lugha ya Pascal. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo na ya bei kali, hivyo lugha ilipangwa ili kompaila iweze kuyasoma maandishi mara moja tu, kutoka juu hadi chini. Jina lisilotangazwa halikutambuliwa. Prosija mbili zilipoitana, mwandishi alilazimika kutaja mojawapo mapema na kuweka neno forward, kana kwamba anaiambia kompaila: ipo, utaikuta mbele.

Lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka hiyohiyo, ilifuata njia hiyo. Mwandishi wa C anaweza kutangaza kwamba kuna aina ya data iitwayo Kozi bila kueleza ndani yake mna nini. Kompaila inaridhika mradi Mwanafunzi ahifadhi anwani tu ya Kozi, kwa kuwa ukubwa wa anwani unajulikana hata kama kilichopo kwenye anwani hiyo hakijulikani. Baadaye programu nyingine, linka, huunganisha mafaili yaliyokwisha kukompailiwa na kujaza anwani za kweli. Linka haijali mzunguko, maana wakati wake kila kitu kimeshapatikana.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba ahadi huandikwa kwa mkono katika mafaili ya heda, na faili moja la heda huweza kulivuta jingine. Mawili yakivutana, kompaila ingezunguka bila kikomo. Waandishi wakazoea kuweka kizuizi kinachofanya heda isisomwe mara ya pili. Kizuizi hicho hukomesha kuzunguka, lakini hakiondoi kutegemeana: heda iliyosomwa kwanza bado inataja jina ambalo halijafikiwa. Ndiyo maana mwanafunzi wa C huweka kizuizi na bado akapata kosa lilelile.

Jibu la pili lilikuwa kutenganisha. Mwaka 1976 Wirth alikwenda Marekani kwa likizo ya kitaaluma katika kituo cha Xerox PARC, akaiona lugha ya Mesa iliyokuwa na moduli. Aliporudi alibuni Modula-2. Ndani yake kila moduli ina sehemu mbili: kiolesura kinachosema moduli inatoa nini, na utekelezaji unaosema inafanyaje. Violesura haviruhusiwi kuzungukana, ila utekelezaji wa moduli moja unaweza kutumia kiolesura cha nyingine, na hiyo nyingine ikafanya vivyo hivyo. Hilo lilionekana kumaliza tatizo. Hata hivyo, moduli huwa na maagizo ya kutekelezwa mwanzoni kabisa programu inapowashwa. Katika mzunguko, nani atangulie? Lugha haikuuweka bayana mpangilio huo. Tatizo lilikuwa limehama tu, kutoka wakati wa kukompaili hadi wakati wa kuendesha.

Jibu la tatu ni katazo. Mwaka 1979 David Parnas alikuwa ameonya kwamba sehemu za programu zikitegemeana kwa mzunguko, huwezi kuichomoa moja ukaitumia peke yake, wala huwezi kuijaribu kabla nyingine zote hazijakamilika. Katika lugha ya Oberon, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980, Wirth aliviondoa violesura vilivyoandikwa kando. Kompaila yenyewe ilitoa kiolesura kutoka katika moduli iliyokwisha kukompailiwa; kwa hiyo moduli inayotumiwa lazima itangulie, na mzunguko hauna nafasi.

Je, hiyo ni hofu ya enzi ya mashine ndogo? Historia inakataa. Go, lugha iliyotangazwa na Google mwaka 2009, inakataza vifurushi kuzungukana, na kampuni hiyo haikuwa na upungufu wa kompyuta. Mmoja wa waasisi wake, Robert Griesemer, alisoma ETH Zürich. Java iliyaruhusu madarasa yake kutegemeana kwa mzunguko tangu miaka ya 1990, lakini ilipopata moduli mwaka 2017, moduli hizo zilikatazwa kuzungukana.

Upande wa pili una hoja yenye uzito. Ada ya mwaka 1983 haikuruhusu maelezo ya vifurushi viwili kutajana. Watumiaji wake walilalamika kwamba maisha yenyewe yana mizunguko, na toleo la 2005 likawafungulia mlango mdogo: kifurushi kinaweza kukitaja kingine kwa mipaka. Nakubali kwamba aina mbili zinazotegemeana kwa kweli zipo. Mara nyingi, hata hivyo, hizo zinastahili kukaa katika moduli moja, maana hazikuwa mbili tangu mwanzo.

Turudi kwa Mwanafunzi na Kozi. Likikatazwa jina la Kozi ndani ya Mwanafunzi, mwandishi analazimika kuuliza: tarehe ya kujiandikisha ni ya nani? Alama ni za nani? Si za mwanafunzi peke yake, wala si za kozi. Ni za Usajili, moduli ya tatu inayowajua wote wawili huku wao hawajuani. Mzunguko ulikuwa unaficha kitu ambacho hakikuwa kimepewa jina.

Kwa kuhitimisha, ahadi ilikuwa tiba ya mashine zisizo na nafasi, na bado inafaa pale inapohitajika. Lakini inaturuhusu kuahirisha swali la nani anamtegemea nani. Katazo halituruhusu, na kwa sababu hiyo naona lilistahili kubaki.