Sahani, Kioo na Sura: Historia ya Ukuta wa Sebule ya Pwani

Picha ya harusi iliyokuwa kwenye simu hupelekwa kwa wachapaji wa mabango, ikatolewa kwenye karatasi pana ya plastiki yenye gundi, na jioni yake ukuta mzima wa sebule ni bibi na bwana harusi kutoka sakafuni hadi darini. Wanaoyatazama haya kwa jicho la kukosoa husema ni mtindo wa kigeni, umeingia pamoja na mashine. Mashine kweli ni ngeni. Ila kwa nyumba za pwani ya Waswahili, mashine imeleta ukubwa tu. Tamaa ya kuupa ukuta mmoja wa ndani kazi ya kumtambulisha mwenye nyumba ilikuwepo kabla kamera haijabuniwa.

Ushahidi wa kwanza ni zidaka. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa vishubaka kwa safu, kimoja juu ya kingine, vikatiwa nakshi za chokaa. Humo zilipangwa sahani na bakuli za kaure kutoka ng'ambo, na nyingi hazikuwekwa kwa ajili ya kulia chakula. Huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, bakuli za Kichina zilipachikwa hata kwenye mnara wa kaburi, mahali ambapo hapana wa kupakuliwa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba vya Unguja vya utoto wake: zidaka zilizojaa vyombo vya kaure na kioo, na katikati yake vioo vikubwa vya kujitazamia vilivyoagizwa Ulaya. Vioo hivyo vinanishughulisha kuliko sahani. Kioo ndicho kilichotangulia kuweka sura ya mtu ukutani, ingawa sura yenyewe iliondoka kila mwenyewe alipoondoka.

Kamera ikaja kuizuia sura isiondoke. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Ndani ya studio za namna hiyo uhusiano wa picha na ukuta ulikuwa kinyume na wa leo: ukuta ndio uliotangulia. Mteja alisimamishwa mbele ya pazia lililochorwa bustani, nguzo au ngazi za jumba ambalo hakuwa nalo. Wapiga picha wa vibandani karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, waliendeleza ufundi huo hadi miaka ya 1990, kwa mapazia yenye meli, ndege na maghorofa. Mtu alitoka hapo na picha ya kushika mkononi, ambamo yeye na ukuta wa kuazima wamekuwa kitu kimoja, akaitia fremu na kuitundika kwake. Anayebandika picha ukuta mzima leo amelirudisha lile pazia nyumbani, naye tayari yumo ndani yake.

Pingamizi kubwa ni la dini, na si la kupuuzwa. Wapo wasiotundika sura ya kiumbe chenye roho, wakishika hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye picha. Salme mwenyewe anataja kwamba picha zilikatazwa, ila mara mojamoja zilivumiliwa. Wanazuoni hawakuwa kauli moja: Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliiruhusu picha ya kamera kwa hoja kwamba ni kivuli kilichozuiwa, si kiumbe kilichoumbwa kwa mkono. Na nyumba zinazokataa sura haziachi ukuta mtupu. Hubandika Al-Kaaba au msikiti wa Madina. Katazo limechagua kitakachowekwa, wala halikuiondoa desturi ya kuweka.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Zidaka zilikuwa za waungwana wenye nyumba za mawe. Aliyeishi nyumba ya udongo na makuti hakuwa nazo, sembuse mtumwa. Je, huo si ufa mkubwa mno kuuita mwendelezo? Kwa upande wa nani anaruhusiwa kujionyesha, ni ufa kweli, nami naona ni wa heri. Hata hivyo, kwa upande wa nani anayekusudiwa kutazama, mwendelezo upo. Picha ya sentimita 15 ikivutwa hadi mita 3 huwa imekuzwa mara 20 kwa urefu na mara 400 kwa eneo. Ikiwa ilinakiliwa kwa ubora wa kawaida wa nukta 300 kwa inchi, ukutani zinabaki nukta 15 tu kwa inchi. Ukikaribia, uso wa bibi harusi ni madoa. Ukuta huo unataka kutazamwa kutoka mlangoni, anaposimama mgeni, na ni kwa ajili ya mgeni huyo watu huendelea kuutengeneza.

Penye tofauti halisi ni kwenye ukuta wenyewe. Jiwe la matumbawe lililopigwa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Plastiki huufungia ndani, gundi ikaachia pembeni, na anayeibandua hubandua na chokaa. Sahani nyingi za Lamu ziliuzwa kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, na zidaka zikabaki nzima.