Gitaa Katika Taarabu na Hukumu ya Wasikilizaji

Barabara ya Kilwa hutoka upande wa bandari ya Dar es Salaam, ikapita Kurasini na Mgulani, ikashuka Mtoni na kuendelea hadi Mbagala. Njia hiyo si ndefu, lakini historia ya muziki iliyopita juu yake ni ndefu. Mgulani, jirani wa Kurasini, ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963, na kundi la taarabu la jeshi hilo lilikuwa miongoni mwa makundi yaliyopendwa katika mji. Mbagala ndiko alikofariki, mwaka 2016, Shakila Saidi, aliyekuwa mwimbaji wa kundi hilo, na ambaye sauti yake ilianza kujulikana Tanga katika taarabu ya gitaa. Atakaye kujua wapenzi wa taarabu walivyolipokea gitaa, na baadaye kinanda cha umeme, ana haki ya kuanza safari yake hapa.

Ugomvi juu ya ala huonekana mdogo kwa mtu asiye na mapenzi na muziki. Huuliza: kuna tofauti gani ikiwa wimbo ni ule ule? Lakini ala haikai katika muziki kama kiti kinavyokaa chumbani, kikaondolewa na chumba kikabaki. Ala huchagua mahali pa kupiga, idadi ya wapigaji, namna ya kusikiliza, na hata watu watakaokaribishwa. Kwa hiyo wasikilizaji walipobishana juu ya gitaa, walikuwa wakibishana pia juu ya wenyewe wa taarabu.

Asili ya muziki huu katika Unguja hutajwa pamoja na jina la Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na aliyependa muziki wa Misri katika jumba lake. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu, zikipigwa kwa udi, kanuni, fidla na ala za jamaa hiyo. Kisha alitokea Siti binti Saad, mwanamke wa asili ya kitumwa kutoka Fumba, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Yalikuwa mageuzi makubwa kupita yote yaliyofuata, maana lugha yenyewe ilibadilika, na mlango wa jumba ukafunguliwa kwa watu wa ng'ambo ya mji. Hata hivyo leo hakuna amtajaye Siti kuwa mharibifu. Wajukuu wa waliomsikiliza humweka katika msingi wa nyumba.

Katika miaka ya 1960 zamu ilikuwa ya Tanga. Huko Black Star Musical Club, na baada yake Lucky Star, walitia katika taarabu gitaa la umeme na gitaa la besi, wakaufunga wimbo kwa mapigo ya ngoma za pwani kama chakacha. Kundi likawa dogo, sauti ikawa nzito, na mguu wa msikilizaji, ambao katika taarabu ya Unguja ulitazamiwa kutulia, ukapata kazi. Vijana wa miji waliokwisha kuzoea dansi waliona kuwa taarabu imewajia nyumbani kwao. Wengine walisema kwamba kilichosikika kilikuwa dansi iliyovaa kanzu.

Shutuma hiyo haikuwa ya chuki tupu. Shingo ya udi ni laini, na kidole cha mpigaji huweza kusimama popote, hata katikati ya sauti mbili zinazofuatana. Ndiko zinakotoka zile robo za sauti ambazo makamu za Kiarabu hazikamiliki bila yake. Shingo ya gitaa imepachikwa vipande vya chuma vinavyoigawa sauti mara moja kwa daima, na kidole hakina uhuru huo. Baadhi ya makamu, basi, haziwezi kupigwa kwa gitaa bila kupunguziwa. Mzee aliyelelewa katika utamu wa udi alipolalamika kuwa kuna kitu hakisikiki tena, alikuwa akisema kweli, na sikio lake lilistahili heshima.

Lakini hoja ya pili ya wapinzani, kwamba gitaa ni ugeni usiostahili kuingia katika sanaa ya kale, ilivunjwa na Misri yenyewe. Mwaka 1964 Umm Kulthum, mwimbaji aliyesikilizwa redioni kutoka Kairo katika nyumba nyingi za pwani, aliimba wimbo uliotungwa na Muhammad Abd al-Wahhab, na katika kundi lake kubwa la fidla limo gitaa la umeme. Nchi iliyochukuliwa kuwa kipimo cha asili ilikuwa ikipima jambo lile lile katika miaka ile ile. Wala hayo hayakuwa ya Waarabu na Waswahili peke yao: mwaka 1965, huko Newport, Marekani, Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme, na sehemu ya wasikilizaji wake ikamzomea. Anayedhani kuwa ugomvi wa Tanga ulikuwa ushamba wa pwani hana budi kuukumbuka mwaka huo.

Kutoka Tanga mtindo huo ulishuka Dar es Salaam. Shakila alipohamia katika taarabu ya Jeshi la Kujenga Taifa, alikuja katika mji ambao dansi ilikuwa na nguvu tangu zamani, na masikio ya watu wa Temeke yalikuwa yamefundishwa na bendi za gitaa muda mrefu. Kwao taarabu ya gitaa haikuwa uasi. Ilikuwa taarabu ya kawaida, yenye kufaa kwa arusi iliyofanywa uani au chini ya turubai, mahali ambapo kundi kubwa la fidla lisingepata nafasi ya kuketi, wala mwenye shughuli asingepata fedha za kulilipa.

Miaka ya 1990 ilileta badiliko jingine. Makundi ya Muungano na Tanzania One Theatre yalishindana mjini, Nasma Khamis upande mmoja na Khadija Kopa upande wa pili, na nyimbo za mipasho zikatupa fumbo la zamani na kusema waziwazi. East African Melody walikifanya kinanda cha umeme kuwa kiongozi wa muziki, na mpigaji mmoja akaweza kutoa sauti ya fidla nyingi. Mtindo huo ukaitwa taarabu ya kisasa, na kwa jina la mtaani rusha roho. Hapo ndipo mshangao wa historia hii unapotokea. Watu waliokuwa vijana wakati wa gitaa la Tanga walikuwa sasa watu wazima, na wengi wao wakasimama kuilaumu taarabu mpya kwa maneno yale yale waliyolaumiwa wao: kwamba ni dansi, kwamba ni kelele, kwamba haina adabu. Nyimbo za Shakila, zilizokuwa za kisasa kupita kiasi mbele ya Unguja, zikahesabiwa miongoni mwa nyimbo za kale. Alipofariki alitajwa kuwa mkongwe, na gitaa lililomsindikiza ujanani halikumpunguzia cheo.

Je, ifuatwe hukumu gani katika ubishi unaogeuka kila kizazi? Taarabu ina mizani yake yenyewe, kongwe kuliko gitaa, nayo ni tuzo. Msikilizaji anayeguswa na beti huinuka, hutembea kwa mwendo wa muziki hadi mbele ya mwimbaji, na kumtunza fedha. Pengine hutoa kwa furaha, pengine kwa kuwa neno lile linamhusu jirani aliyeketi karibu, na ukumbi mzima huelewa. Tuzo hutolewa kwa neno. Mtu hainuki kabla hajasikia, na anayeinuka amekwisha kusikia na kufahamu.

Kwa mizani hiyo gitaa la Tanga lilishinda kwa haki. Lilipoteza robo za sauti, na hasara hiyo haikulipwa. Lakini neno la mwimbaji lilibaki mbele, na gitaa likaenda nyuma yake kama mtumishi mwenye heshima. Kinanda cha umeme hakikuhukumiwa kwa kuwa ni kigeni, kwa sababu udi nao ulikuja kwa chombo. Swali lake ni gumu zaidi: vipaza sauti vikikua, na mpigo ukianza kuwainua watu kabla beti haijasemwa, je, anayekwenda mbele na fedha mkononi amesikia nini?

Palipo na mwimbaji anayesikika na mtunzi anayejua kazi yake, tuzo hutoka kwenye beti hata mbele ya kinanda, na hapo taarabu iko. Pasipo na hayo, kumrudisha mpiga udi jukwaani hakutoshi. Vijana wa Temeke wanaokipenda kinanda leo watazeeka nao. Na siku watakapoilaumu ala itakayofuata, itafaa wakumbushwe kwamba kando ya barabara hii alizeeka mwanamke aliyeitwa wa kisasa, kisha akaitwa wa kale, na sauti yake ilikuwa moja.