Mashariki na Magharibi

Mashariki ni upande linakochomoza jua, na magharibi ni upande linakotua. Majina yote mawili yametoka katika Kiarabu, na pamoja na kaskazini na kusini yanakamilisha pande nne kuu za dunia. Lakini yana kazi ya pili pia: hutaja maeneo, mataifa na hata kambi za kisiasa, kama tunavyosema Afrika Mashariki, Mashariki ya Kati au nchi za Magharibi. Kazi hizo mbili haziendi sambamba kila mara. Nairobi iko mashariki zaidi kuliko Yerusalemu, Beirut, Damascus na Cairo, wala hakuna anayeihesabu kuwa mji wa Mashariki ya Kati. Rabat, mji mkuu wa Moroko, uko magharibi zaidi kuliko London, Paris na Berlin, lakini anayezungumzia nchi za Magharibi hana Moroko akilini. Kwa hiyo msomaji anayekutana na majina haya katika habari za kila siku ana haki ya kuuliza: mashariki ya wapi, na aliyetoa jina alikuwa amesimama wapi?

Jua lenyewe halichomozi mashariki hasa isipokuwa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba, usiku na mchana vinapokaribia kulingana. Anayesimama alfajiri kwenye ufuo wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, huku akikabili bahari, ataliona jua la Juni likitokea kushoto kwake, upande wa kaskazini wa mashariki kwa nyuzi kati ya 23 na 24. Akirudi Desemba pahali pale pale, atalikuta limehamia kulia kwa kiasi hicho hicho. Katika latitudo za juu tofauti ni kubwa zaidi: London jua la katikati ya mwaka huchomoza karibu nyuzi 40 kutoka mashariki halisi. Watu wa Mji Mkongwe, walio upande wa pili wa kisiwa, huangalia machweo juu ya maji kutoka Forodhani. Jua la Jambiani hutoka baharini, la Forodhani huzama baharini, na kati ya fukwe hizo mbili ni mwendo wa gari usiofika hata nusu ya asubuhi.

Chanzo cha jua kuchomoza na kutua ni dunia kujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenye ikweta kasi ya mzunguko huo ni takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo mkononi. Waitaliano waliitumia faida hiyo katika jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, nchini Kenya, nyuzi 3 tu kusini ya ikweta na likiwa na Bahari ya Hindi tupu mbele yake. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliruka kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei inayotoka angani. Si kila sayari huzunguka hivyo: Zuhura hujizungusha kinyume na dunia, na huko jua huchomoza magharibi.

Kaskazini na kusini zina mwisho. Anayekwenda kaskazini bila kugeuka atafika ncha ya dunia, na hatua inayofuata itakuwa ya kusini. Anayekwenda mashariki hafiki popote panapoitwa mwisho wa mashariki; akifuata ikweta atazunguka kilomita 40,075 na kurudi alikoanzia. Kwa sababu hiyo mstari wa kuhesabia mashariki na magharibi haukutolewa na maumbile, ulibidi uchaguliwe na watu. Mkutano wa wajumbe wa nchi 25 uliofanyika Washington mwezi Oktoba 1884 uliamua kwamba longitudo 0 ipite Greenwich, London. Ufaransa haikupiga kura, ikaendelea na mstari wake wa Paris hadi 1911. Mstari wa Greenwich hupita pia Afrika, katika Algeria, Mali, Burkina Faso, Togo na Ghana, ambako hukata mji wa bandari wa Tema. Kwa kipimo hicho, bandari ile ina mitaa iliyo katika nusu ya mashariki ya dunia na mingine iliyo katika nusu ya magharibi.

Upande wa pili wa dunia, mstari wa tarehe umepindwapindwa kufuata mahitaji ya serikali. Kiribati, ambayo visiwa vyake vilikuwa vimegawanyika katika tarehe mbili, iliuhamishia mashariki mwanzoni mwa 1995 ili nchi nzima iwe na siku moja. Samoa ilifuta tarehe 30 Desemba 2011 kabisa: watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi, ili kalenda yao ifanane na ya New Zealand na Australia wanakofanyia biashara. Samoa ya Marekani, jirani wa karibu kabisa, ilibaki nyuma kwa siku nzima.

Kila nyuzi 15 za longitudo ni tofauti ya saa moja ya jua, yaani dakika 4 kwa kila nyuzi. Tanzania nzima hutumia saa ya aina moja, lakini Kigoma iko karibu nyuzi 10 magharibi ya Dar es Salaam, na jua lake huchelewa kwa kadiri ya dakika 40. Katika mwezi wa Ramadhani jambo hili huacha kuwa hesabu ya darasani. Adhana ya magharibi ikisikika redioni kutoka Dar es Salaam, aliyefunga Ujiji bado ana jua juu ya Ziwa Tanganyika na hana ruhusa ya kugusa hata tende. Futari yake inafuata machweo ya pale alipo, na ratiba za mfungo hulazimika kuandikwa kwa kila mji.

Kibla nacho huonyesha jinsi pande zinavyomtegemea aliyesimama. Makka iko kwenye longitudo ya 39.8 mashariki, Unguja kwenye 39.2; hivyo mwenye kuswali Unguja, Mombasa au Bagamoyo hukabili kaskazini karibu moja kwa moja. Dakar kibla kiko mashariki. Jakarta kiko magharibi, kimeegemea kaskazini kidogo. Familia nyingi zilizohama Zanzibar kwenda Oman baada ya 1964 zilikuta kibla cha Muscat kiko magharibi, na mazoea ya kutandika mswala yakabidi yageuzwe robo duara nzima.

Ustaarabu mwingi ulioandika habari zake ulijiweka katikati, kisha ukawagawia wengine pande. Waarabu waliita Afrika ya Kaskazini kuanzia Libya hadi Mauritania Maghrib, na nchi za Misri, Sham na Iraki Mashriki. Mwaka 1989 Moroko, Algeria, Tunisia, Libya na Mauritania ziliunda umoja wenye jina hilo la Maghrib. Kwa Wachina wa karne ya 7, Magharibi palikuwa India, alikokwenda mtawa Xuanzang kutafuta vitabu vya dini ya Kibudha. Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492 alidhani amefika Asia, na hadi leo visiwa hivyo vinaitwa kwa lugha kadhaa India ya Magharibi.

Majina yaliyoshika zaidi duniani ni yale yaliyotolewa Ulaya wakati meli na ramani zake zilipotawala biashara. Kwa aliyekaa London, milki ya Waosmani ilikuwa Mashariki ya Karibu, China na Japani zikawa Mashariki ya Mbali, na eneo la Ghuba lililokuwa kati yake likaitwa Mashariki ya Kati. Jina hili la mwisho lilienea baada ya kutumiwa mwaka 1902 na Alfred Thayer Mahan, afisa wa jeshi la majini la Marekani. Kwa nahodha wa jahazi aliyetoka Unguja na upepo wa kusi, nchi za Ghuba zilikuwa kaskazini. Hata hivyo vyombo vya habari vya Dar es Salaam na Nairobi vimelipokea jina la Mahan kama lilivyo, na ni jambo la kusikitisha kwamba watoto wa shule hulisoma bila kuelezwa limetoka wapi.

Vita Baridi viliyafanya majina haya kuwa ya kambi. Magharibi ilikuwa Marekani na washirika wake katika NATO, iliyoundwa 1949. Mashariki ilikuwa Muungano wa Kisovieti na wenzake wa Mkataba wa Warsaw wa 1955. Ramani haikuheshimiwa sana. Athens na Istanbul, zilizokuwa upande wa Magharibi, ziko mashariki zaidi kuliko Warsaw yenyewe. Prague ya kambi ya Mashariki iko magharibi ya Vienna.

Mgawanyiko huo ulifika Zanzibar kwa nguvu. Baada ya mapinduzi ya 12 Januari 1964, serikali mpya iliitambua Ujerumani ya Mashariki, jambo ambalo Ujerumani ya Magharibi ilikuwa imetangaza kutolivumilia kwa nchi yoyote inayotaka uhusiano nayo. Muungano wa Zanzibar na Tanganyika wa Aprili mwaka ule ulilihamishia tatizo hilo Dar es Salaam. Rais Nyerere alitafuta njia ya kati: Ujerumani ya Mashariki ipewe ofisi ya konseli mkuu badala ya ubalozi kamili. Mwanzoni mwa 1965 Ujerumani ya Magharibi ilijibu kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi, na Nyerere akaukataa pia msaada wao uliobaki kuliko kuchaguliwa marafiki. Ulikuwa uamuzi wa gharama kwa nchi changa, na ndio uliowaonyesha wengi kwamba kutofungamana na upande wowote ni sera yenye bei yake. Huko Unguja, majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki na bado yanakaliwa. Mashariki hiyo iliyowajengea Wazanzibari nyumba ilikuwa na makao yake Berlin, mji ulio nyuzi 26 hivi magharibi ya Unguja.

Afrika Mashariki yenyewe ilianza kama jina la utawala. Wajerumani na Waingereza waliliandika katika mikataba na ramani zao kuanzia miaka ya 1880, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967, iliyovunjika 1977, iliziunganisha Tanzania, Kenya na Uganda peke yake. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, huingiza humo pia Msumbiji, Zambia, Zimbabwe, Malawi na Madagaska, na kuiweka Kongo katika Afrika ya Kati. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa 30 Novemba 1999 imekwenda njia nyingine. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024.

Matokeo yake, Jumuiya hii ya mashariki sasa inagusa Bahari ya Atlantiki huko Muanda, mwambao mfupi wa Kongo wenye urefu usiozidi kilomita 40 hivi. Upande mwingine inafika Ras Hafun nchini Somalia, ncha ya mashariki kabisa ya bara la Afrika. Kati ya ncha hizo mbili kuna nyuzi 39 hivi za longitudo, na jua huchukua zaidi ya saa mbili na nusu kuzivuka. Kongo peke yake ina majira mawili: Goma, Bukavu na Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ziko saa moja mbele ya Kinshasa, ambako hutawala Kilingala. Kikao kikiitishwa kwa njia ya mtandao saa tatu asubuhi Arusha, makao makuu ya Jumuiya, mjumbe wa Bujumbura huingia saa mbili, na wa Kinshasa saa moja.