Walimu wa Kiswahili katika Vyuo vya Ujerumani na Habari za Uzaramo

Uchunguzi wa lugha za Afrika ya Mashariki katika vyuo vya Ujerumani haukuwa kazi ya Wajerumani peke yao. Tangu Chuo cha Lugha za Mashariki kilipofunguliwa Berlin mwaka 1887, somo la Kiswahili lilihitaji watu wawili: Mjerumani wa kueleza sarufi, na mwenyeji wa pwani wa kuwazoeza wanafunzi matamshi, mazungumzo na usomaji wa barua za herufi za Kiarabu. Wa kwanza alikuwa mwalimu. Wa pili aliitwa Lektor, nacho kilikuwa cheo cha msaidizi.

Nafasi hizo hazikutangazwa. Mtu alizipata kwa kujulikana na maofisa, naye alifungwa kwa mkataba wa miaka michache. Wa kwanza walitoka Unguja: Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur, aliyekaa Berlin tangu 1891 hata 1895. Baadaye somo lilishikwa na Carl Velten, aliyekuwa kwanza mkalimani wa serikali ya Wajerumani Dar es Salaam, na mwaka 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, nyuma ya Bagamoyo.

Mtoro aliijua vema nchi ya Wazaramo, ambayo sehemu zake leo zimo katika wilaya za Kisarawe na Kibaha. Habari alizoziandika juu ya Wazaramo zilichapwa katika Safari za Wasuaheli, mwaka 1901. Na katika Desturi za Wasuaheli, mwaka 1903, sehemu kubwa ni ya kalamu yake. Lakini vitabu vyote viwili vilitolewa kwa jina la Velten.

Huko Uzaramo kwenyewe wamisheni walikuwa wamekwisha kujenga Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. August Worms alitoa orodha ya maneno ya Kizaramo, na Martin Klamroth akaandika juu ya itikadi za Wazaramo katika jarida la Hamburg. Maneno na itikadi hizo zilitoka vinywani mwa wenyeji. Majina yaliyowekwa juu ya makala ni ya Wajerumani.

Elimu ya msaidizi ilitakiwa, ila heshima yake ilikuwa na mpaka. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 aliacha kazi akasafiri naye kurudi kwao, lakini serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka pamoja Dar es Salaam. Wakarudi Ujerumani. Tangu 1909 alifanya kazi Hamburg, katika Taasisi ya Koloni, chini ya Carl Meinhof, akiwa msaidizi tena, ingawa alikuwa na maandishi ambayo wataalamu wote wa Kiswahili waliyatumia. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Mwaka 1981 tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitaja Desturi kuwa ni kazi ya Mtoro. Hata hivyo wengi wangali wakitaja Velten peke yake. Jambo hili si la adabu tu. Asomaye Desturi kama maneno ya Velten hudhani kwamba ni habari alizokusanya mgeni; asomaye kama maneno ya Mtoro hutambua lahaja, mahali na nafasi ya msemaji, naye huweza kupima kila tamko kwa kadiri yake. Vivyo hivyo maandishi ya Kizaramo ya zama hizo hayana budi kusomwa kwa kuuliza kwanza: ni nani aliyesema?