Laisini na mafua ya paka: historia ya dawa iliyoazimwa kwa binaadamu



Wengi wetu huku ughaibuni tumeishia kufuga paka, na aghlabu ni wa kuokotwa. Wangu nilimchukua hapa Uingereza kwenye nyumba ya kulelea paka waliotupwa, na tangu siku ya mwanzo ni chafya, kamasi na tongo jichoni. Akipona leo, mwezi ujao yamerudi. Nikashauriwa nimchanganyie unga wa laisini kwenye chakula, na nikampa miaka miwili mizima bila ya kujiuliza unga huu umetokea wapi. Nilipokuja kuuliza nikakuta kisa chenye funzo hata kwa asiyefuga paka.

Tuanze na maradhi yenyewe. Mafua ya paka yana sababu kadhaa, lakini kubwa mojawapo ni kirusi ambacho Crandell na Maurer wa Marekani walikitenga mwaka 1958. Ni cha ukoo wa hepesi, yaani ni jamaa wa kile kinachotutoa sisi malengelenge ya mdomoni. Na ukoo huu ukishaingia mwilini hautoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso, kisha paka akipata dhiki (kuhamishwa nyumba, kunyonyesha, kuletewa paka mwengine) huamka upya. Ndio maana mafua yanakuja na kurudi.

Sasa laisini. Hii ni asidi amino, tofali mojawapo linalojenga protini, na Drechsel, mkemia wa Kijerumani, aliipata katika protini ya maziwa mwaka 1889. Haikuwa na uhusiano wowote na paka. Uhusiano ulianzia maabara: mwaka 1964 Tankersley alichunguza hepesi ya binaadamu ndani ya seli, akaona kuwa kirusi kinahitaji sana asidi amino nyengine, ajinini, ili kizaliane. Laisini na ajinini zinafanana kwa umbo, basi likazuka wazo: ukimzidishia mtu laisini, itaisukuma ajinini pembeni na kirusi kitabaki na njaa. Mwaka 1974 Kagan akaandika barua katika jarida la The Lancet kuhusu kuwatibu watu kwa laisini, na mwaka 1978 Griffith na wenzake wakachapisha majaribio yao kwa wagonjwa. Vidonge vikaenea madukani.

Lakini mwaka ule ule wa 1978, kule Davis, California, Morris na Rogers walitangaza jambo ambalo watu wa laisini walipaswa kulisoma mara mbili. Walimpa paka mlo mmoja tu usio na ajinini, na ndani ya saa chache sumu ya amonia ikamjaa mwilini. Sisi binaadamu tunaweza kujitengenezea ajinini kiasi, paka hana uwezo huo wa kutosha. Yaani kile tulichotaka kumnyima kirusi, ndicho paka asichoweza kukikosa hata kwa siku moja.

Hata hivyo hoja ilivuka kutoka kwa watu hadi kwa paka. Mwaka 2000 Maggs na wenzake waliijaribu kwenye seli za paka, na kweli laisini ilikipunguza kirusi. Ila ilikuwa pale tu ajinini ilipokuwa kidogo sana. Ilipoongezwa, laisini haikufua dafu. Mwaka 2002 Stiles aliwajaribu paka 8, macho ya waliopewa laisini yakauma kidogo kuliko ya wenzao. Mwaka 2003 Maggs tena, safari hii kwa paka wachache, akaona kirusi kinatoka kwa uchache. Kwa paka hawa wachache, waungwana, unga ukaingia majumbani dunia nzima.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa. Mwaka 2007 Maggs huyo huyo, kwa uungwana wa kielimu, aliwalisha paka 50 wanaoishi pamoja, nusu yao chakula chenye laisini nyingi. Laisini ilipanda katika damu, ajinini haikushuka, na waliopewa laisini wakaugua zaidi. Mwaka 2009 Drazenovich na wenzake walirudia kwa paka 261, na matokeo yakawa ya aina hiyo hiyo. Mwaka 2015 Bol na Bunnik wakapitia utafiti wote, wakasema wazi: iachwe mara moja.

Mbona basi ingali inauzwa? Kwa sababu ni rahisi, haitaki cheti cha daktari, na mafua haya hupoa yenyewe. Ukimpa paka unga leo na wiki ijayo akapona, sifa anapewa unga. Na mimi niliusifu hivyo hivyo, kumbe paka wangu alikuwa akisusa chakula kwa ajili yake. Paka hula kwa pua. Pua ikiziba na chakula kikawa na harufu ngeni, hali kabisa.

Nilipomweleza mama yangu kule Unguja kwa simu, alicheka: "Mwanangu, paka unamtilia unga wa nini? Mpe samaki wa moto." Hakusoma jarida lolote, lakini chakula kilichopashwa moto kikatoa harufu ndicho ambacho hata madaktari wa wanyama wanakishauri. Siku hizi nampeleka chanjo kwa wakati wake (haizuii kirusi kuingia, ila inapunguza makali), namuepusha na vurugu, na jicho likiharibika nakwenda kwa daktari, ambaye leo anazo dawa za kweli za kirusi hiki, kama famsiklova. Ila msimpe dawa ya hepesi ya binaadamu kutoka kabatini kwenu. Asiklova ni sumu kwa paka.

Chafya bado anazo. Lakini sahani anairamba.

Madaktari wa mifugo mliomo humu, nilipoteleza nirekebisheni.

Wasalaam.