Akina Adams: ukoo uliong'ara baada ya kushindwa

Kati ya marais saba wa kwanza wa Marekani, watano waliongoza mihula miwili. Wawili waliobwagwa baada ya muhula mmoja ni baba na mwana: John Adams, aliyeshindwa mwaka 1800, na John Quincy Adams, aliyeshindwa mwaka 1828.

Ukoo wao ulitokana na Henry Adams, mkulima wa kijiji cha Barton St David, Somerset, Uingereza, aliyevuka Atlantiki na familia yake miaka ya 1630 na kulowea Braintree, kusini mwa Boston. Wajukuu zake walishika jembe kwa miaka mia moja hadi alipozaliwa John mwaka 1735. Baba yake, mkulima na mshona viatu, alimpeleka Harvard akitaraji atakuwa mchungaji. Yeye akachagua sheria.

Ukaidi wa akina Adams ulionekana mapema. Mwaka 1770 askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi raia wa Boston, wakafa watu watano. Mji ulitaka damu. John, ambaye mwenyewe aliupinga utawala wa Uingereza, akakubali kuwatetea askari hao mahakamani. Kapteni wao na askari sita waliachiwa huru. Wawili walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Alipokuwa akihangaikia uhuru kule Philadelphia, na baadaye akitumwa Ulaya, shamba na fedha za nyumbani zilikuwa mikononi mwa mkewe, Abigail. Barua zao zilizosalia zinazidi 1,100. Katika mojawapo, ya Machi 1776, Abigail alimtaka mumewe awakumbuke wanawake sheria mpya zitakapotungwa. John alilichukulia ombi hilo kama mzaha.

Mwana wao naye alifika Ikulu, ila kwa njia yenye miiba. Katika uchaguzi wa 1824, Andrew Jackson aliongoza kwa kura lakini hakufikisha wingi uliotakiwa. Baraza la Wawakilishi likamteua Adams, na wafuasi wa Jackson wakalia kwamba wameporwa. Miaka minne baadaye walilipiza kisasi kwenye sanduku la kura.

Wengine wangekwenda kupumzika. John Quincy aligombea ubunge, akashinda, na kuanzia 1831 akakaa Barazani hadi kufa. Hakuna rais mwingine mstaafu aliyewahi kukaa katika Baraza hilo. Mwaka 1836 Baraza lilipitisha kanuni ya kuweka kando, bila mjadala, maombi yote ya wananchi yaliyohusu utumwa. Kila kikao akatafuta upenyo wa kuyawasilisha, wenzake wakimzomea, mpaka kanuni ikafutwa mwaka 1844.

Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 73, alisimama mbele ya Mahakama ya Juu kuwatetea Waafrika walioiteka meli ya Amistad karibu na Cuba. Majaji waliamua kuwa ni watu huru, na walionusurika wakarudi Sierra Leone.

Tarehe 21 Februari 1848 alipaza sauti ya kukataa hoja ya kuwaenzi maofisa wa vita dhidi ya Mexico. Muda mfupi baadaye alianguka kitini pake. Wakambeba hadi chumba cha Spika, na huko akafariki siku mbili baadaye. Miongoni mwa wabunge wa Baraza hilo alikuwamo mgeni kutoka Illinois, Abraham Lincoln.

Lincoln huyo, alipokuwa rais mwaka 1861, alimtuma Charles Francis Adams, mtoto wa marehemu, kuwa balozi London. Kazi yake ilikuwa kuizuia Uingereza isiitambue serikali ya majimbo ya kusini yaliyojitenga. Mwaka 1863, baada ya shinikizo lake, London ilizuia meli mbili za chuma zilizokuwa zikiundwa kwa ajili ya waasi.

Kizazi cha nne kiligeukia kalamu. Henry Adams, mtoto wa balozi, hakuomba kura ya mtu. Kati ya 1889 na 1891 alichapisha juzuu tisa za historia ya Marekani chini ya Jefferson na Madison. Jefferson ndiye aliyemwangusha John Adams mwaka 1800. Kitukuu wa aliyeshindwa ndiye aliyekuja kuiandika historia ya utawala wa mshindi.