Kaburi la Mlimani na Kaburi la Gerezani

Ukiwa Murera, karibu na Ruiru, siku isiyo na ukungu, Kilimambogo huonekana vizuri upande wa mashariki. Ubavuni mwa mlima huo wenye mita 2,145 amezikwa William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki shamba la Juja na kumkaribisha humo Theodore Roosevelt mwaka 1909. McMillan alifariki mwaka 1925 akiwa ameusia azikwe kileleni. Chombo kilichobeba jeneza kikashindwa na mwinuko, wakamzika hapo hapo walipokwamia. Nairobi alijengewa maktaba yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Walowezi walimtukuza mtu wao kwa mawe, na kwa mawe hayo wakatangaza pia nchi ni ya nani.

Wakikuyu wa sehemu hizi walikuwa na njia nyingine. Mugo wa Kibiru, mtabiri, husimuliwa kwamba aliwaona wageni weupe na nyoka wa chuma kabla hawajafika, na kwamba utawala wao ungekwisha siku mugumo wa Thika utakapoanguka. Simulizi inaendelea kwamba wakoloni waliuzungushia mti huo chuma na zege usianguke, lakini radi ikaupasua mwaka 1963, mwaka wenyewe wa uhuru. Wenye kubishana kuhusu radi na wabishane. Kinachonivutia mimi ni lile zege. Katika simulizi hii adui ndiye anayemthibitisha mtabiri, maana hakuna anayeimarisha mti asiouogopa.

Pwani nako hofu ya adui ina kazi hiyo hiyo. Shujaa Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa aliandika utenzi wake mwaka 1913, anachomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anakwenda kisimani, anapiga goti na upinde mkononi, anafia hapo. Watu wa mji wanakaa na kiu siku kadhaa, hakuna anayethubutu kumsogelea maiti.

Si kila shujaa aliyebahatika kufa mapema. Mpinga ukoloni Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 umati ulijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake hadi mabegani, tusi zito kuliko yote kutoka kwa mwanamke wa Kikuyu, akawataka wampe suruali zao. Risasi zikafyatuliwa, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikiri vifo 21. Thuku alirudi kutoka uhamishoni, akalima kahawa, na vita vya Mau Mau vilipoanza akavipinga hadharani. Barabara inayopita karibu na pale damu ilipomwagika ina jina lake yeye. Nyanjiru alitunzwa na wanawake, katika wimbo wao wa Kanyegenuri. Kwangu mimi wimbo ule umefanya haki kuliko kibao cha barabara.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 21, 1956, akanyongwa Februari 18, 1957 katika gereza la Kamiti, ambalo nalo haliko mbali na Ruiru. Wakoloni walisambaza picha yake akiwa amelala chini, amejeruhiwa, mikono imefungwa pingu, ili watu waone kwamba mambo yamekwisha. Picha hiyo hiyo leo inavaliwa kwenye fulana. Mwili wakauzika ndani ya gereza bila alama, kwa hesabu kwamba pasipo na kaburi hapana ziara.

Serikali huru nayo ilichelewa. Mau Mau ilibaki chama haramu hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Sanamu ya Kimathi, yenye bunduki na sime, ilizinduliwa Nairobi Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Katiba ya 2010 ikaifanya Siku ya Kenyatta, Oktoba 20, kuwa Siku ya Mashujaa, na mwaka 2014 ikapitishwa sheria ya kuwateua na kuwaenzi mashujaa. Mjane wa Kimathi, Mukami, aliziomba serikali moja baada ya nyingine mabaki ya mumewe akamzike. Alifariki Mei 2023 akiwa bado hajakabidhiwa.